Mashine Iliyopigwa Marufuku

Kuna jambo ambalo vijana wengi wanaoandika programu leo hawalijui: mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Si utani. Amri ya forodha ilizitaja pamoja na televisheni, na aliyezihitaji ilimbidi kuomba kibali maalumu serikalini. Mlango ulikuja kufunguka taratibu, na ni miaka ya 1990 ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuiona kompyuta dukani.

Kisa kilianzia mezani kwa wahasibu. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Mashine ikawepo, lakini wazawa wa kuielewa walikuwa wachache mno. Mambo yakavurugika, hesabu zisieleweke, na fedha zikapotea. Ukichanganya na hali ya wakati ule, bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, ukame, na fedha za kigeni kwenda kununua chakula nje, utaelewa kwa nini wakubwa walikosa uvumilivu.

Tukisimuliwa habari hii huwa tunacheka. Mimi nashauri tusiharakishe. Marufuku ile ilitugharimu, hilo halina ubishi: kizazi kizima kilimaliza shule bila kugusa kibodi. Lakini hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na maana. Mashine inayoshika hesabu zako, na hakuna jirani yako anayeweza kukueleza imezipataje, ni mashine ya kuogopwa. Kosa lilikuwa kwenye dawa. Badala ya kufundisha watu haraka, tulizuia mashine.

Nilikuwa nikiyawaza haya mwaka jana kwetu Zuzu, nje kidogo ya Dodoma mjini, nikimtazama mpwa wangu akiandaa kompyuta yake ya kwanza ya kuandikia programu. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, betri imechoka, lazima iwe kwenye umeme muda wote. Zuzu umeme si hadithi ya mbali: kituo kikubwa cha kupoza umeme kiko hapahapa, na nyaya za kutoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga zinapita hapa.

Alikuwa na flashi yenye Ubuntu, ameipakua chuoni kwa sababu kifurushi cha simu kingeisha kabla ya nusu. Akafuta kila kilichokuwa kwenye diski, akaweka mfumo mpya. Kisha akafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akasasisha mfumo. Ikafuata Python, akaweka Git ya kutunza kila badiliko la kazi yake, akamalizia na kihariri cha kuandikia msimbo. Vyote bure, na kwa sehemu kubwa ni programu huria, yaani ukitaka unaweza kufungua na kusoma jinsi zilivyoundwa. Ni kinyume kabisa na lile dude la Wizara ya Fedha.

Jambo moja lilinigusa. Mfumo ulipomuuliza lugha, alibonyeza Kiingereza bila hata kusoma orodha.

"Hukutafuta Kiswahili?" nikamuuliza.

"Anko, kompyuta na Kiswahili wapi na wapi?"

Basi nikamsimulia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi, IT+46, waliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Mwishoni mwa mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Microsoft nao wakaja na Kiswahili chao baadaye. Kulikuwa na mijadala ya maneno: kompyuta, ngamizi, au tarakilishi? Watu wakaamua kwa midomo yao, na kompyuta ikashinda huku kwetu. Lakini maneno kama barua pepe, tovuti na kupakua yalipata makazi ya kudumu. Wasomaji wa fasihi tunapenda kudhani lugha hukuzwa na washairi peke yao. Kumbe hata mtu anayetafuta neno la kitufe cha "hifadhi" anaijenga.

Mpwa wangu hakubadilisha lugha ya mfumo. Amezoea Kiingereza, na sitaki kumlaumu. Ila alipoanza kuandika programu yake ya kwanza, ya hesabu za kikoba cha mama yake, nilichungulia. Amri za Python zilikuwa Kiingereza, hazina jinsi. Lakini majina aliyojichagulia mwenyewe yalikuwa hisa, deni, faini, riba. Mashine haikulalamika hata kidogo. Kiswahili hakina herufi za ajabu. Kinaingia kwenye msimbo kama kilivyo.

Hapo ndipo naiona tofauti na mwaka 1965. Wanachama wa kikoba kile hawajui Python, lakini wanajua faini ni nini na nani alichelewa mkutano. Siku jumla ikikataa kulingana na daftari, watamwita binti yao, naye atafungua na kuwaonyesha mstari wenye neno deni. Wataubishia, kama wanavyobishia daftari. Wizara ya Fedha ilikuwa na mashine ya gharama kubwa kuliko hiyo mara nyingi, lakini haikuwa na mtu wa kutosha wa kuitwa.

Kwa hiyo anayeuliza tunahitaji nini ili kijana aanze kuandika programu, orodha si ndefu: mashine hata ya mtumba, umeme, kifurushi, na programu huria. Ila aongeze na watu wa karibu wenye hesabu zao, watakaomuuliza kwa Kiswahili jibu limetoka wapi.