Kompyuta ikisema imehifadhi, iulize wapi

Mwakumbuka tarehe 7 Juni 2016? Tumbili alianguka juu ya transfoma kule Gitaru, karibu Kenya nzima ikakosa stima. (Tumbili mwenyewe alipona.) Mimi kazi yangu ilipotea siku isiyo na tumbili. Ni stima tu ilikatika hapa Magongo, niko saiba namalizia mradi wa kompyuta wa kidato cha nne. Nilikuwa nishabonyeza hifadhi. Stima iliporudi faili lipo, jina lipo, ndani sufuri. Jamaa wa saiba akaniambia, "Wewe hukuhifadhi." Tukagombana.

Sasa sikizeni. Diski ni nzito, memori ni nyepesi. Kwa hivyo mfumo wa kompyuta wapokea data yako, waiweka kwenye bafa ndani ya memori, wakwambia "tayari", halafu waiandika kwa diski baadaye. Sisi tunaoishi na malori twaelewa: muhuri wa getini si mzigo kufika ghalani.

Na mambo haya si ya leo. Miaka ya 70 Unix ilikuwa na programu ndogo, update, kazi yake kumwaga bafa kwa diski kila sekunde 30. Mafundi walizoea kuandika amri ya sync mara tatu kabla ya kuzima mashine. Mwaka 1993 ikaja MS-DOS 6.0 na SmartDrive yake: mtu aona kazi imeisha, azima, kumbe data bado iko njiani. Toleo la 6.2, mwaka huohuo, likabadilishwa lingoje kuandika kwanza. Mwaka 2009 watu wa Linux wakakuta mafaili ya sufuri kwa ext4 mashine ikizimika ghafla. Theodore Ts'o, mmoja wa waliounda ext4, akasema programu ndizo zenye makosa, zilifaa kuita fsync, ile amri ya kulazimisha data iandikwe. Hata hivyo akaweka marekebisho. Mimi niko upande wa watumiaji hapo.

Lakini kisa cha 2018 ndicho kilichonimaliza. Craig Ringer, wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akichunguza data ya mteja iliyoharibika. PostgreSQL ilikuwa ikiita fsync vizuri tu. Ikishindwa, yajaribu tena. Kumbe Linux, diski ikikataa, yatoa habari ya kosa mara moja, halafu yaihesabu ile kurasa ya memori kuwa safi, kana kwamba imeandikwa. Ukiita fsync mara ya pili wajibiwa "sawa". Data haiko! Wataalamu hao walikuwa wameliamini jibu hilo kwa karibu miaka 20. Februari 2019 wakatoa dawa: fsync ikishindwa, PostgreSQL yajizima yenyewe, kisha yajijenga upya kutoka daftari lake la mabadiliko.

Mradi niliuandika upya usiku kucha, kwa kompyuta ya binamu yangu. Yule jamaa wa saiba sikumsalimia mwaka mzima.