Kusoma Qur-aan Kabla ya Nikaha: Hukumu Yake na Maana Yake kwa Jamii

Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam).

Kasoli ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Waislamu huko si wengi kama pwani, na harusi inaweza kuwakutanisha Waislamu na wakwe wasio Waislamu. Kwa hiyo kisomo cha kabla ya nikaha kina uzito wake, nasi tunaeleza hukumu yake.

Nikaha hutimia kwa mume na mke wasio na kizuizi, walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli. Mahari ni haki ya mke. Kusoma Qur-aan si nguzo wala sharti. Ndoa isiyotanguliwa na kisomo ni sahihi.

Kilichothibiti ni Khutbatul-Haajah, ambayo Mtume aliwafundisha Maswahaba, kama alivyopokea Ibn Mas'ud. Ndani yake zimo Aal-Imraan 102, An-Nisaa 1 na Al-Ahzaab 70-71. Aya hizi zinaamrisha uchaji na kauli ya kweli. Na tuzingatie: An-Nisaa 1 inawaita watu wote, inawakumbusha asili yao moja, na inaamrisha kuchunga udugu wa damu. Basi mkwe asiye Muislamu naye anaambiwa.

Ama hitima ya usiku wa kuamkia harusi, hatujui dalili kwamba Mtume aliihusisha na ndoa. Isiitwe Sunnah ya harusi, wala nikaha isiahirishwe kwa kukosa fedha za pilau na za wasomaji. Kijana aliye tayari kuoa akizuiwa kwa jambo lisilo wajibu, mlango wa haramu unafunguliwa. Katika Hadithi ya Sahl bin Sa'd, iliyomo katika Bukhari na Muslim, maskini aliyekosa hata pete ya chuma aliozeshwa kwa Qur-aan aliyoihifadhi. Qur-aan ilimrahisishia ndoa. Isigeuzwe kuwa mzigo.

Tunanasihi zisomwe aya chache, kisha zifasiriwe kwa Kiswahili, mfano kwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, na kwa Kisukuma kwa wazee. Muziki na mazungumzo yasimame wakati wa kisomo (Al-A'raaf 204).

Na Allah ni Mjuzi zaidi.