Treni Iliyokatwa kwa Kipimo cha Shimo

Katika jumba la makumbusho ya usafiri la London, pale Covent Garden, limehifadhiwa behewa moja la mwaka 1890 ambalo ni kama halina madirisha. Ndani kuna mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Migongo yake imejazwa na kufunikwa kitambaa, nayo inapanda ukutani hadi juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Kioo kipo, lakini ni kipande chembamba kilichobanwa karibu na dari. Waliolisanifu waliona dirisha halina kazi, kwani chini ya ardhi kuna nini cha kutazama? Watu wa London wakalipa jina la vyumba vya hospitali za wagonjwa wa akili za enzi hizo, vile vilivyowekwa magodoro ukutani.

Abiria wa behewa hilo hakuweza kujua amefika wapi. Kwa hiyo kulikuwa na watumishi waliosimama kwenye mageti mwishoni mwa mabehewa, na treni ikiingia stesheni wao ndio waliopaza sauti kutaja jina lake. Mtu aliyezoea daladala za Dar es Salaam au matatu za Nairobi kazi hiyo anaijua vizuri.

Behewa lilikuwa la City & South London Railway, reli ya kwanza ya umeme duniani kupita ndani ya mahandaki ya kina. Ilianza kubeba abiria Desemba 1890, kutoka Stockwell hadi King William Street. Mhandisi James Henry Greathead aliyachimba mahandaki yake kwa ngao ya chuma iliyosukumwa ndani ya udongo wa mfinyanzi, na nyuma ya ngao hiyo mafundi wakaunganisha pete za chuma moja baada ya nyingine. Kipenyo kilikuwa kati ya mita 3.1 na 3.2 tu. Uchimbaji ulipoanza, treni zilikusudiwa kuvutwa kwa kamba ya chuma. Umeme ulichaguliwa baadaye, na vichwa vidogo vya umeme vikalazimika kuingia humo humo.

Watu wakizungumzia usanifu wa treni za mjini huanza na rangi, viti na umbo la pua ya mbele. Mimi naamini inafaa kuanza na shimo. Fundi cherehani huikata kanzu kwa kipimo cha mvaaji, na treni ya chini ya ardhi hukatwa kwa kipimo cha handaki. Mahandaki ya Greathead yalipanuliwa miaka ya 1920 kwa gharama na taabu kubwa, na hata hivyo njia za kina za London zimebaki na kipenyo cha mita tatu na nusu hivi. Kila sentimita waliyoipata abiria tangu hapo imetoka ndani ya treni yenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukiondoa kichwa cha treni. Central London Railway, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilitumia vichwa vizito vya umeme vilivyotikisa majengo ya juu kiasi cha wenye majengo kulalamika. Kufikia mwaka 1903 vilikuwa vimeondolewa. Mahali pake ukaja mfumo ambao Mmarekani Frank Sprague alikuwa ameutumia kwanza Chicago: mota zinagawanywa katika mabehewa kadhaa, na dereva mmoja anaziongoza zote kwa pamoja kutoka mbele. Treni zote za metro unazozijua leo ni watoto wa wazo hilo.

Hata hivyo vifaa vya umeme viliendelea kukaa na abiria. Katika treni za miaka ya 1920, nyuma tu ya dereva kulikuwa na chumba kizima cha swichi na mitambo, kilichokula karibu theluthi ya behewa lenye mota. Nafasi hiyo yote haikuwa na kiti hata kimoja. Ndipo zikaja treni za mwaka 1938. Chini ya uongozi wa mhandisi W. S. Graff-Baker, mitambo yote ilipunguzwa umbo na kusukumwa chini ya sakafu, na chumba cha swichi kikawa sehemu ya kukaa watu. Yalitengenezwa mabehewa zaidi ya 1,100, mekundu kwa nje. Sioni hatua kubwa kuliko hiyo katika historia nzima ya treni za London, ingawa aliyepanda hakuona chochote zaidi ya viti vilivyoongezeka.

Treni hizo zilidumu London hadi mwaka 1988. Mwaka uliofuata baadhi yake zilipelekwa Isle of Wight, kisiwa cha kusini mwa Uingereza. Huko kuna handaki mjini Ryde ambalo sakafu yake iliinuliwa kwa sababu ya mafuriko, na treni za kawaida hazikuweza tena kupita. Treni za London, fupi kwa kimo, zilitosha. Zikaendelea kubeba watu ufukweni hadi Januari 2021, zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Baada ya mitambo, ilifuata kazi ya dereva kupunguzwa: mwaka 1968 ilifunguliwa sehemu ya kwanza ya njia ya Victoria, ambayo treni zake zilijiendesha kutoka stesheni hadi stesheni kwa kusoma ishara za umeme kwenye reli. Dereva alifunga milango, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na treni ikaondoka yenyewe.

Tatizo ambalo halikukubali kuondoka ni joto. Mahandaki ya kina yalipochimbwa, udongo ulioyazunguka ulikuwa na nyuzi joto 14 hivi, na watu walikimbilia chini kutafuta ubaridi wakati wa kiangazi. Zaidi ya karne moja ya breki, mota na miili ya watu imeupasha moto udongo ule, nao sasa haupoi. Kiyoyozi kinahitaji nafasi ya kukaa na mahali pa kutupia hewa moto, na handaki jembamba halina hata kimoja kati ya hivyo.

Waliopata nafuu kwanza ni abiria wa njia kongwe kuliko zote. Metropolitan Railway ilifunguliwa Januari 1863 kwa treni za mvuke. Mahandaki yake ni mitaro iliyochimbwa barabarani na kufunikwa, mikubwa kiasi cha kutosha reli mbili, na yenye matundu mengi ya kutolea moshi wa makaa. Moshi uliondoka na umeme mwaka 1905, lakini upana ukabaki. Julai 2010 zikaanza kazi humo treni za aina ya S, zilizotengenezwa Derby, za kwanza zenye viyoyozi katika reli za chini ya ardhi za London. Pia hazina milango kati ya mabehewa. Keti nyuma kabisa, ngoja treni ikate kona: utaiona yote ikipinda mbele yako, abiria wa mbele wakitoweka upande mmoja na kurudi, nguzo za kushikia zikifuatana kama miti ya barabarani.

Kwa njia ya Piccadilly, iliyofunguliwa mwaka 1906 katika mahandaki membamba, ziliagizwa treni 94 kutoka Siemens mwaka 2018. Nazo zitakuwa na viyoyozi. Wasanifu walipunguza idadi ya magurudumu kwa kuyaunganisha mabehewa ili yabebane, uzito ukashuka, na nafasi ikapatikana chini ya sakafu, pale pale ambapo mafundi wa mwaka 1938 walikuwa wamezificha swichi zao.