Chati Feki za Mashabiki wa Kikapu: Utani wa Babu Zetu Umehamia WhatsApp

Leo tuongelee ile kitu inayotuvunja mbavu kila msimu wa NBA ukianza: chati feki. Mtu anabuni grupu la WhatsApp ambalo halipo duniani, anawaingiza mashabiki, anawapa maneno yeye mwenyewe, anapiga skrinshoti na kutupia mtandaoni. Inakuwa kama hivi:

GRUPU: FAMILIA YA KIKAPU
Shabiki wa Celtics: Makombe 18. Naomba heshima humu ndani.
Shabiki wa Lakers: Sisi 17. Punguza kelele, jirani.
Shabiki wa Warriors: Ila jana Curry mlimwona?
Shabiki wa Lakers: Wewe jana saa tisa usiku ulikuwa unakoroma. Matokeo umeyasoma kwenye daladala.
Shabiki wa Warriors: MB ziliisha robo ya tatu.
Admini amemtoa Shabiki wa Warriors.

Hilo grupu halipo, na admini hayupo. Ila umecheka, kwa sababu jamaa wa MB unamjua, na pengine ni wewe.

Wengi wanadhani huu mchezo ni wa Wamarekani. Ni kweli wana historia yao. Julai 2015, DeAndre Jordan alikuwa ameshakubali kwa mdomo kutoka Clippers kwenda Dallas Mavericks, halafu akaanza kughairi. Chandler Parsons wa Dallas akatupia emoji ya ndege Twitter, kwamba yuko njiani kumuwahi. Wenzake Jordan wa Clippers nao wakajibu kwa emoji: Blake Griffin ndege, helikopta na gari, Chris Paul ndizi na boti. Mwisho Jordan akabaki Clippers. Siku ile mashabiki walijiona kama wamechungulia simu za mastaa, na chati feki inakupa raha hiyo hiyo ya kuchungulia.

Ila huku kwetu raha hii ina umri mkubwa kuliko simu. Inaitwa utani.

Karne ya 19, Wanyamwezi walikuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani. Huko walikutana na Wazaramo, na kutokana na misafara ile watu hawa wakawa watani. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakuchukulia kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Lakini utani ulikuwa na sheria. Kwanza, kila mtu alijua nani ni mtani wa nani. Pili, ukitania leo, kesho unataniwa wewe. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ukipata msiba mtani anakuja. Atafanya vituko mpaka wafiwa wacheke, lakini pia atafanya kazi za mazishi.

Baadaye utani ukahamia mjini, kwenye mpira. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na mpaka leo zinaitwa watani wa jadi. Wana Msimbazi watakukumbusha 5-0 ya Mei 2012. Wana Jangwani watakujibu na 5-1 ya Novemba 2023. Halafu wote wawili wanakaa meza moja ya kahawa.

Magazetini nako ikawa hivyo hivyo. Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na baadaye Sani ikatuletea Ndumilakuwili na Lodilofa. Watu wa kubuni wanasema maneno ambayo mtaa mzima unayafikiria. Chati feki ni mtoto wa katuni zile, tofauti yake ni kwamba hahitaji kujua kuchora.

Sasa twende 2009, mwaka ambao WhatsApp ilianzishwa. Juni 25 mwaka huo huo, kijana wa Dar, Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika kule! Mambo hayakwenda vile tulivyotaka, na Februari 2010 timu ikampeleka kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Mtu akitengeneza leo grupu feki la drafti ya 2009, unajua kabisa nani atapewa sehemu ya kuchekwa.

Hapo ndipo sheria za mababu zinahitajika. Sisi tuliomshangilia tunaweza kumtania, maana tukimtania tunajitania wenyewe. Mtu wa mbali anayemcheka tu, ambaye siku ya shida hatakuja wala hawezi kutaniwa naye, huyo siyo mtani. Utani bila deni ni dharau.

Na kuna hatari nyingine. Skrinshoti inakatwa. Jina la grupu linatolewa, kicheko kinatolewa, yanabaki maneno na jina la mtu. Ikiforwadiwa mara kumi inafika kwa mtu asiyejua kwamba ni masihara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inasema ukichapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

Mimi naandika haya nikiwa Itiryo, Tarime. Wilaya yetu inajua mapigano ya koo, ya ng'ombe na ya ardhi, mpaka tukawa na mkoa wetu wa kipolisi, Tarime/Rorya. Huku ujumbe wa kubuni wenye jina la mzee wa ukoo fulani hauishii kwenye emoji za kicheko. Unaweza kuamsha vijana usiku.

Kwa hiyo tengeneza, mwanangu, tucheke. Tumia mashabiki, tumia timu, mpe maneno jamaa wa MB. Ila kabla hujatupia, jiulize: huyu ninayemwekea maneno mdomoni anaweza kunijibu? Na akifiwa, nitakwenda?