Nyumba ya wanasesere ya Windsor, na majina ambayo hayakuandikwa

Wengi mliosikiliza kipindi chetu cha mwisho mmeniuliza: ile nyumba ndogo niliyoitaja harakaharaka pale mwishoni ni ipi hasa? Muda ulikuwa umetuishia, basi naandika hapa. Ni nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iko ndani ya kasri la Windsor. Kutoka kwetu Slough ni treni moja, hata kiti hakijapata joto umeshafika. Na bado nilikuwa sijawahi kuiona mpaka nilipompeleka binti yangu wa miaka mitano.

Kwanza tuondoe wazo la toi. Ukisema nyumba ya wanasesere, mtu anafikiria kitu cha plastiki cha waridi. Lakini hizi nyumba zilianza kama mali za watu wazima wenye fedha. Ya kwanza inayojulikana sana ilitengenezwa miaka ya 1557 na 1558 kwa mtawala wa Bavaria, Albrecht V, ikaungua kwenye moto mwaka 1674. Baadaye kidogo, Amsterdam, mke wa mfanyabiashara tajiri, Petronella Oortman, akajitengenezea yake, na vyombo vidogo vya kauri akaviagiza kutoka China. Leo iko makumbusho ya Rijksmuseum, na inasemekana fedha alizotumia zingeweza kumnunulia nyumba ya kweli kando ya mfereji. Watoto walitazama kwa mbali, mikono nyuma. Wetu sisi wa pwani walikuwa na bahati zaidi, maana mchezo wa kupikapika kwa vifuu na mchanga hauna kioo mbele yake.

Ya Windsor ni mtoto wa ukoo huohuo. Mwaka 1921 Princess Marie Louise, mjukuu wa Malkia Victoria, alimwomba msanifu majengo Edwin Lutyens amchoree Malkia Mary nyumba ndogo ya zawadi. Malkia mwenyewe alizaliwa 1867, kwa hiyo hapo tunaongelea mama wa zaidi ya miaka 50. Ilimalizika 1924. Kila inchi 12 za nyumba ya kweli ni inchi 1 humo ndani, na mafundi na wasanii zaidi ya 1,500 walitia mkono. Bomba linatoa maji. Taa ni za umeme, lifti inapanda, choo kinavuta. Chini kuna magari, na kuna chupa za mvinyo zenye mvinyo wa kweli na lebo zake. Kuna maktaba ambamo waandishi maarufu wa siku zile waliandika vitabu vidogo kwa mikono yao. Arthur Conan Doyle alimwandikia Sherlock Holmes kisa kizima humo. George Bernard Shaw aliombwa akakataa. Kuta za nje zinanyanyuliwa kwenda juu, kama unavyonyanyua kawa juu ya sinia, ndipo vyumba vinaonekana.

Sasa mpeleke mtoto mbele ya kitu kama hicho. Mimi niliinama, mgongo ukalalamika. Yeye alisimama tu, macho yakiwa sawasawa na madirisha. Kwake si kitu kidogo. Ni nyumba, na yeye anachungulia. Kwenye vitanda vya kifalme alipita bila habari. Jikoni alisimama mpaka watu nyuma yetu wakaanza kukohoa.

“Mama, nani anapika?”

Nikamwambia wapishi.

“Wako wapi?”

Nikamwonyesha vyumba vya wafanyakazi. Maana vipo, na vina vitanda vyao, Lutyens hakuwasahau. Ila katika vyumba tulivyovitazama hakukuwa na mtu. Nyumba imewekwa tayari kana kwamba kila mmoja katoka sasa hivi.

“Wanaitwaje?”

Hapo sikuwa na jibu, na tangu siku ile swali hilo limenikaa kichwani. Ndiyo sababu hasa ya makala hii.

Tumtazame huyu Lutyens, maana miaka ileile mikono yake ilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni hii nyumba ndogo. Ya pili ni kasri la gavana mkuu wa Mwingereza kule Delhi, lenye vyumba 340, ambalo leo ni Ikulu ya India. Huyohuyo mtu, asubuhi anapima nguzo kubwa kuliko mnazi, jioni anapima kitasa kidogo kuliko punje ya mchele. Kazi ya tatu ilikuwa wafu. Alikuwa mmoja wa wasanifu wakuu watatu wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Mwingereza, iliyoundwa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Sharti kubwa la tume ile, nalo lilikuwa jambo jipya duniani, ni kwamba kila askari aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, awe tajiri au maskini, ofisa au kuruta.

Kila mmoja? Hapa ndipo inabidi turudi nyumbani.

Vita vile vilipiganwa Afrika Mashariki pia, Waingereza na wenzao wakimfukuza jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, kutoka huku hadi kule. Punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Barabara hazikuwepo. Kwa hiyo risasi, unga na mahema vilipanda juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi karibu milioni 1. Kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Sema haraka kwa ulimi wa Dar es Salaam, utapata Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo yetu ya sokoni. Na Kariokor ya Nairobi ni hivyohivyo.

Mwaka 2021 Tume hiyo, ambayo bado ipo, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sisemi Lutyens ndiye aliyeamua. Uamuzi ulipita mezani kwa maofisa wengi. Lakini chupa moja ya mvinyo ya Windsor, ambayo hainyweki na mtu, ina lebo.

Kuna mwingine wa kumtazama: Rudyard Kipling. Alichangia kitabu kidogo cha mashairi kwenye maktaba ile, akakichora na picha mwenyewe. Na Kipling huyohuyo ndiye aliyetunga maneno ya Kiingereza kwenye Sanamu ya Askari, ile ya katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927. Ukipita pale siku moja, acha kuangalia bunduki, soma chini. Kuna Kiingereza, kuna Kiswahili, kuna hati ya Kiarabu. Askari na wapagazi wanasifiwa kwa heshima, wote kwa mkupuo mmoja. Jina hakuna hata moja.

Kabla ya kwenda Windsor, nyumba ndogo ilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dola yaliyofunguliwa Wembley Aprili 1924, palepale penye uwanja wa mpira. Watu milioni 1.6 walipanga foleni kuitazama. Kwenye maonyesho hayohayo Unguja, Kenya, Uganda na Tanganyika nazo zilikuwa na sehemu yao, ili Mwingereza aone dola lake linatoa nini. Dunia nzima imepunguzwa ikaingia kwenye viwanja vya mtaa mmoja wa London. Nyumba ya wanasesere nyingine, ukiniuliza mimi.

Kwa nini nalibeba hili kama langu? Kwa sababu baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo, akitoka kijiji cha nyuma ya Bagamoyo, na hakurudi. Kwetu limebaki jina lake la kwanza tu. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Mamangu alikuja Uingereza na sanduku moja, na hilo jina moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila familia ina mtu wa aina hiyo, aliyeishia katikati ya sentensi.

Tuliporudi nyumbani binti alidai boksi la viatu. Anajenga nyumba ya bibi yangu ya Kariakoo, ambayo ameiona kwenye simu tu. Bibi anasimamia ujenzi kwa WhatsApp na ni mkali kuliko Lutyens. Baraza limekaa vibaya, wageni watakaa juani? Uani hakuna jiko la mkaa. Mbuzi ya nazi inaelekea ukutani, sasa mtu atakunaje? Kila kosa likisharekebishwa, mtoto anauliza nani anakaa chumba hiki, bibi anamtajia, na mimi naandika kwenye kikaratasi kwa sababu herufi zake bado ni kubwa mno kwa milango ile. Mpaka sasa tuna majina 11. Kwenye chumba cha mwisho kuna la baba yake babu, peke yake, na nafasi pembeni. Bibi anasema kuna shangazi yake Mbagala, mtu mzima sana, anayeweza kulijua jina la pili. Simu yake inashika asubuhi tu. Tutampigia Jumapili kabla hajaenda kulala mchana.