Skii juu ya Kibo, 1912

Jamani, hapa Ipagala hata mvua tunaibembeleza, nami leo naandika habari za theluji! Nivumilieni.

Siku hizi mabingwa wa kuteleza kwa skii hukimbilia milima ya British Columbia, Kanada. Magari ya minyororo huwapandisha hadi kwenye theluji nene isiyokanyagwa na mtu. Wanachotaka ni mteremko mkali, theluji ya kutosha na pasiwe na msongamano.

Mwaka 1912 vyote hivyo vilikuwa kwetu. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo kwa miguu yao, wakatumia skii katika kushuka. Barafu moja kileleni ikapewa jina la Furtwängler.

Wanasayansi nao wanaanzia mwaka huohuo kupima: kufikia 2007, asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imekwisha. Hiyo ya Furtwängler inazidi kumeguka.

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wasomi wa London wakambishia. Nahofia wajukuu zetu nao watatubishia tukiwaambia ilikuwepo. Tutawaonyesha nini, wandugu?