Tofali la utotoni bado linashika
Mashoga zangu, kwa nini mtu mzima hushindwa kuyatupa matofali yake ya LEGO? Historia inajibu. Mwaka 1932, mjini Billund, Denmark, seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Matofali ya plastiki yalifuata 1949, ila hayakushikana sawasawa. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliombea hataza tofali lenye vibomba ndani, linalomng'ang'ania mwenziwe. Tangu hapo vipimo havikubadilishwa: tofali la mwaka ule linaingia kwenye la leo. Alichoanza kujenga bibi, mjukuu anaweza kukiendeleza. Basi bi harusi, ukifunga mizigo kuhama kwenu, boksi lako la utotoni usiliache nyuma. Lina wa kulirithi.